Mjane Aliyeharibu Hali ya Hewa

Watu wa Kalemie, hasa wale wa upande wa baba yangu, mpaka leo wanasema mama yangu aliharibu hali ya hewa. Mwanamke mmoja, mfupi, mwenye goti linalomuuma wakati wa baridi, ati aliharibu anga la ziwa zima kutoka kwetu mpaka Zongwe, kule kusini! Nimeyasikia hayo misibani, nimeyasikia sokoni, nimeyasikia hata kwa watu ambao siku hizo walikuwa hawajazaliwa. Na waseme. Mimi nilikuwamo ndani ya ile boti, nikisonga ugali juu ya mbabula, lile jiko la makaa, huku mvua ikinipiga mgongoni, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya Zaire, bado tunaitana "sitwayeni", yaani raia, na wanaume wenye vyeo wanatokwa jasho ndani ya abakosti, yale makoti ya serikali yasiyovaliwa na tai. Baba yangu alikuwa na boti ya mbao yenye moteri. Alipeleka unga wa muhogo na chumvi kwenye vijiji vya kusini, akarudi na samaki wakavu. Kisha akaugua, akafa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, sijaolewa, na mdomo wangu ulikuwa hivi hivi kama mnavyousikia.

Kwetu mjane huvaa nguo nyeusi, na muda wote akiwa nayo haingii ziwani. Haogi humo, hateki maji, hakanyagi boti. Wanasema kifo bado kiko mwilini mwake, na ziwa likikisikia linakasirika. Wanaoweza kumtoa katika kilio ni jamaa ya marehemu tu. Wanampeleka ufukoni asubuhi, mtu mzima wa ukoo wa mume anammwagia maji ya ziwa kichwani, anamwambia "mume wako amekuachilia", nguo nyeusi inavuliwa, basi. Ni kazi ya asubuhi moja. Kopo moja la maji linatosha.

Aliyetakiwa kuita ukoo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Hakuita. Mara ndugu wa Nyunzu hajafika, treni imekwama. Mara mbuzi hajapatikana. Baadaye hakutoa hata sababu. Alipita nyumbani, akaizunguka boti iliyolala mchangani, akazigonga mbao zake kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akaenda zake akipiga mluzi. Mama alielewa kabla yangu. Boti ya mbao isipoingia majini inakufa: mbao zinakauka, zinaachana, mwishowe unapitisha kidole katikati. Mjane haruhusiwi kuigusa, boti inazidi kupasuka, kisha siku moja shemeji mwenye huruma anakuja "kuiokoa". Nilitaka kumpiga. Mama aliniambia ninyamaze, nikanyamaza, lakini moyoni niliendelea kumpiga.

Ndipo wakatokea wazungu wanne. Walitaka boti ya kuwapeleka kusini hadi Zongwe, mwambao kwa mwambao, wakilala kwenye fukwe, ili waangalie samaki. Si kuvua, si kununua. Kuangalia! Walikuwa na miwani mikubwa ya kuvaa majini, mirija ya kupumulia, na viatu vya mpira vilivyowafanya watembee kama bata. Kapiteni, mzee aliyekuwa akiendesha boti ya baba tangu ilipotoka kwa fundi, ndiye aliyewaleta nyumbani kwetu. Alisema watu hawa hawana akili, lakini ni wapole.

Habari zilimfikia baba mdogo kabla chai haijapoa. Akaja na abakosti yake, akamwambia mama, "Shemeji, kaa na amani. Boti nitaichukua mimi, nitawapeleka hawa wageni."

"Boti itaenda," mama akajibu, "na mimi nitakuwa ndani."

"Wewe uko na kilio! Ziwa litakukataa."

"Likinikataa litaniambia lenyewe. Halihitaji mukalimani."

Majirani walikuwa wamesimama wanasikiliza; Kalemie hakuna ugomvi wa watu wawili. Baba mdogo akawageukia wao. "Sikieni wote. Akifika Zongwe na boti hii na kurudi, boti ni yake, sitafungua mudomo tena. Akigeuza njiani, boti ni yangu. Mumesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

"Hata mimi nimesikia," mama akasema, akaingia ndani kufunga unga.

Baba mdogo hakumwamini mama, kwa hiyo akamtuma shangazi yetu afuatane nasi awe jicho lake. Shangazi alikuwa dada yao mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yao, naye pia mjane wa zamani. Sauti yake ungeisikia kutoka ng'ambo ya mto Lukuga. Alipanda na mkeka wake, sahani yake, na sufuria yake, maana hakutaka kula kilichoguswa na mkono wenye kilio. Tulipoisukuma boti majini ilivuja kila upande, tukakesha tukifukuza maji kwa makopo, mpaka mbao zikavimba na kushikana tena. Shangazi alikaa mbele, mgongo ameupa mama.

Siku ya kwanza jua lilikuwa zuri, hata mimi nikafikiri tutafika kwa raha. Wazungu waliruka majini kwenye mawe, wakatoka wakishangilia, wakaandika. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa kizungu mwenye pua iliyobabuka, aliyejua Kiswahili cha misheni. Alikuwa na karatasi ya programu: leo mawe haya, kesho ghuba ile, saa fulani kuogelea, saa fulani kula. Jioni upepo ukashuka kutoka milimani bila kubisha hodi, ukang'oa hema lao, ukalibiringisha ufukweni, na programu nayo ikaondoka.

Kuanzia hapo hatukujua tena anga liko upande gani. Asubuhi ziwa limetulia kama mafuta ndani ya sahani. Hujamaliza kunywa chai, mawimbi yanakufuata. Unaona jua huku, mvua kule, na katikati upepo ambao hakuna aliyeualika. Kila asubuhi yule mama wa kizungu alimwuliza kapiteni, "Papa, leo hali ya hewa itakuwa namna gani?" Kapiteni aliangalia juu, akaangalia maji, akakuna kidevu.

"Itakuwa namna itakavyokuwa, Mama."

"Lakini wewe ni mutu wa ziwa!"

"Njo maana nakuambia hivyo. Mutu wa ziwa hatabiri. Anajitayarisha."

Mimi nilikuwa nikicheka, lakini niliona kapiteni ameanza kumtazama mama kwa pembe ya jicho. Shangazi yeye hakutumia pembe. Kila wingu lilipotokea alilinyooshea kidole, akasema kwa sauti kubwa, ili hata samaki wasikie, "Njo ile kilio. Nilisema. Njo ile kilio inafanya kazi." Mama alikuwa akichambua mchele ndani ya ungo, akitupa mawe madogo nje ya boti, moja moja, na naapa kila jiwe lilipita karibu na sikio la shangazi.

Kisha ikafika ile siku. Tulikuwa tumelipita nusu ya njia. Kusini pote pakawa peusi, radi ikaanza kunguruma, kapiteni akatuingiza haraka kwenye ghuba ndogo nyuma ya ncha ya mawe. Tukashusha nanga yetu, ambayo ilikuwa gunia la simenti ya Kabimba lililolowa likageuka jiwe. Radi ilipita upande wa mlima, ikaenda kuwasumbua wengine. Mvua ikabaki. Mvua ya kukaa, ile isiyo na haraka ya kwenda popote.

Tukajibanza chini ya turubai. Wazungu wamejikunyata, nyuso zao zimekuwa za matanga, wanatetemeka, wameikumbatia ile miwani yao ya majini isilowe. Kiongozi wao akasema labda turudi Kalemie, huku hakuna tena cha kuona. Kapiteni akakohoa, akasema hata yeye anafikiri hivyo, yeye ni mtu mzima, hataki kubishana na mambo ya kimila. Shangazi akaanza kukunja mkeka wake.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika ubao wa boti kwa mkono mmoja. Alielewa, nami nilielewa: moteri ikiwashwa na pua ya boti ikielekea kaskazini, tumekwisha. Miaka yote ya baba, mgongo wake, mikono yake iliyochanika kwa kamba, vyote vitaingia kwenye mfuko wa abakosti. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Mama," nikamwambia yule mzungu, "ninyi mumekuja hapa kufanya nini?"

"Kuangalia samaki."

"Samaki wanakaa wapi?"

"Ndani ya maji."

"Sasa munaogopa nini? Kulowa? Mumetoka kwenu Ulaya kuja kuingia ndani ya maji, halafu munakaa chini ya turubai munaogopa maji!"

Kapiteni akaanza kucheka, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi. Lakini mimi sikuwa nikitania. Mtoto yeyote wa Kalemie anajua kwamba mvua ikikukuta ufukweni huikimbilii nyumba, unaingia ziwani, kwa sababu mvua ni baridi na ziwa ni la vuguvugu. Tumekua hivyo, vichwa nje, mvua inatupiga, tunapiga kelele mpaka mama zetu waje na fimbo. Nikanyoosha mkono, nikachukua miwani kutoka kwenye mapaja ya yule mama, nikajirusha.

Nilikuwa nimeogelea ziwa lile maisha yangu yote na sikuwahi kuliona. Chini ya maji hakuna mvua. Sauti yake inabaki juu, kama ndagala, wale dagaa wetu, wakikaangwa ndani ya mawese, na chini mawe yametulia, makubwa kama nyumba, na samaki wanaendelea na shughuli zao. Wale samaki wa mawe, wenye mistari ya njano na ya buluu, ambao wakinaswa kwenye wavu tunawatupa kwa sababu ni miiba tupu! Kumbe wana mitaa yao. Wana majirani, wana wanaofukuzana, wana mwenye kufagia mlango wake kwa mkia. Nilitoka kupumua, nikapiga kelele, "Ingieni! Ingieni, ni moto huku!"

Wakaingia, mmoja mmoja, kisha wote. Baada ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka kurudi Kalemie. Waliitana, walivutana mikono, walicheka na mirija mdomoni, na mvua ilizidi kunyesha, na nani alijali?

Nilipotoa kichwa mara nyingine nikaona mama amesimama. Nguo yake nyeusi ilikuwa imelowa, imemshika mwilini, maji yanamchuruzika kutoka kichwani hadi kwenye visigino.

"Usiguse ziwa!" shangazi akapiga kelele. "Wee! Hujaoshwa!"

"Nimelowa mpaka mifupa, dada. Haya yanayotoka juu ni maji gani, na yale ya chini ni maji gani? Yanajuana. Muda wote yanapelekeana habari zangu."

"Utatuua sisi wote!"

"Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga," mama akasema. "Na mimi hata nguo hamujanivua."

Akashuka. Alishika kamba ya nanga kwa mkono mmoja, nikamvalisha miwani, akaingiza uso. Alikaa muda mrefu hata nikaogopa nikamvuta. Akatoka anacheka. Tangu tulipomzika baba sikuwa nimekiona kicheko kile, nilidhani tulikifukia naye.

"Kuna samaki mule," akasema akihema, "ameweka watoto mudomoni! Kivuli changu kilipopita, alifungua mudomo wakaingia wote. Kivuli kikaondoka, akawatoa!"

"Uongo," shangazi akasema.

"Njoo uone."

"Aka! Mimi?"

Lakini sasa hakuweza kutulia. Alijisogeza, akarudi, akajisogeza tena. Mwishowe alilala kifudifudi ukingoni, kapiteni amemshika miguu, mimi nimemshikia miwani, akatumbukiza uso ziwani huku makalio yake yakitazama mbinguni na mvua ikiyapiga. Tukasikia mapovu. Kisha akatoka kama aliyeitwa jina.

"Yesu wangu! Amekula watoto wake!"

"Ngoja."

Akarudi chini. Mapovu tena. Alipotoka mara ya pili alikaa chini taratibu, miwani bado usoni, imemfanya awe na macho ya chura. "Amewarudisha," akasema. "Wazima wote." Akaivua, akaifuta kwa kiganja.

Akaanza kusema kwa sauti ya chini, jambo ambalo sisi wa nyumbani tulikuwa hatujalishuhudia. "Mimi wangu walinichelewesha mpaka nguo nyeusi ikaniozea mwilini. Shemeji zangu. Walikuwa wanaitaka michikichi ya mume wangu. Kila nilipouliza, mara mbuzi, mara treni. Maneno ni yale yale! Siku waliponiosha, michikichi ilikuwa imekwisha kuwa yao, nikatoka mule na kitambaa cha kichwa tu." Akamtazama mama aliyening'inia kwenye kamba. "Na leo mimi njo nimetumwa kukuhesabia mawingu. Mimi! Nasikia haya mpaka kwenye meno."

Akainuka. Akachukua kopo la kufukuzia maji, lile bovu, lenye kutu, akalijaza ziwani, akalimwaga juu ya kichwa cha mama. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu kiasi kwamba hukuweza kujua maji ya kopo ni yapi na ya mbinguni ni yapi.

"Mume wako amekuachilia," akasema. "Mudogo wangu, yule niliyemubeba mugongoni, amekuachilia. Vua hiyo nguo."

"Ukoo haupo, dada," mama akasema.

"Mimi ni nani? Paka? Mimi njo mukubwa wao. Nani katika ile nyumba alizaliwa kabla yangu?"

Akafungua kitenge chake cha juu, akampa. Mama akapanda, akavua nguo nyeusi nyuma ya turubai, akajifunga kile kitenge cha rangi ya machungwa kilicholowa chepechepe. Nililia, na sioni aibu kusema. Kapiteni naye alilia, akasema ni moshi wa moteri, na moteri ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Sasa, msifikiri jua lilitoka. Ningekuwa mtu wa hadithi ningewaambia mawingu yalifunguka. Hayakufunguka! Kesho yake upepo ulikuwa mbaya kuliko siku zote, tukalowa, tukatapika, sufuria ya shangazi ikaenda na maji. Mama ameoshwa, hana kilio, na ziwa linatupiga vile vile. Hapo ndipo nilipopata jibu langu kwa watu wote wa Kalemie: kama kilio chake kilileta mvua, mbona kuoshwa kwake hakukuiondoa? Kapiteni aliposikia nikisema hivyo alitikisa kichwa, akasema, "Ziwa halina kalenda, binti, na halihudhurii matanga."

Tulifika Zongwe kwenye mvua. Watu wa huko walitutazama tukishuka, wazungu wamebeba miwani yao, sisi tunaimba, wakatuona wendawazimu. Yule mama wa kizungu hakuuliza tena habari za hali ya hewa. Asubuhi alikuwa akitoa mkono nje ya hema, akasema "Aa, leo njo hii," akavaa miguu yake ya bata. Tukageuza kurudi, na kurudi kulikuwa vile vile, jua kidogo, kipigo kidogo.

Kalemie tuliingia mchana, kwenye manyunyu. Baba mdogo alikuwa ufukweni na majirani nyuma yake. Alikuwa akisikia ngurumo siku zote hizo na nina hakika kila ngurumo ilimnenepesha. Alipoona kitenge cha rangi ya machungwa uso wake ulibadilika.

"Nguo nyeusi iko wapi? Nani alikuosha?"

"Mimi," shangazi akasema kutoka kwenye boti, na ufuko mzima ukasikia.

"Wewe? Nilikutuma kuangalia!"

"Nimeangalia. Hata chini ya maji nimeangalia."

Watu wakacheka. Mfa maji hukamata maji. Baba mdogo akaanza kurusha mikono. "Haifai! Ukoo haukukaa! Na mulipigwa na dhoruba safari nzima, watu wote wameona mawingu! Ziwa lilimukataa!"

"Tulifika Zongwe," mama akasema. Hakupaza sauti. "Uliza hao waliosikia maneno yako. Ulisema nikifika na kurudi. Hukusema nirudi nikiwa mukavu."

Akashuka, maji yakimfika magotini, ziwani kwa mguu wake, mbele yao wote. Mkononi alikuwa na ile nguo nyeusi, ameikunja, bado inatiririka. Akamfikia shemeji yake, akaiweka mikononi mwake, naye akaipokea kama mtu anavyopokea kitu bila kufikiri.

"Kila siku ulikuja kuuliza mali ya ndugu yako," mama akamwambia. "Chukua. Kwangu imebaki hiyo tu ya kukupa."

Alisimama pale na abakosti yake, nguo ya kilio inamdondokea kwenye viatu. Wanaume walikuja kutusaidia kuivuta boti mchangani, kama ilivyo desturi. Mama akawakataza. Akaniambia nifunge kamba kwenye jiwe, tukaiacha majini.